Picha Zilizofufuliwa na Mizani ya Mwalimu

Katika ziara zetu za kuwakagua walimu-wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha, tuliingia siku moja katika Darasa la Tano la shule iliyoko nje kidogo ya mji wa Tabora. Somo lilikuwa Historia ya Tanzania na Maadili, na mada ilihusu misafara ya biashara baina ya pwani na maziwa makuu. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejiandaa vyema. Ubaoni alikuwa amebandika picha kubwa ya wapagazi, iliyochapishwa kwa rangi. Nyuso zilikuwa wazi kiasi cha kuhesabika kope, na nguo zilikuwa nyekundu na za manjano zenye kung'aa kana kwamba zimetoka dukani asubuhi ile. Baadaye alitueleza kwamba picha ya asili aliipata katika simu, ikiwa ya kijivu, yenye ukungu na mikwaruzo, akaipitisha katika programu ya kurekebisha picha, na kwa muda usiozidi dakika moja ikatoka hivyo.

Wanafunzi walifurahi. Nasi, tukiukiri ukweli, tulifurahi pia, tukaandika katika fomu ya ukaguzi kwamba zana ya kufundishia ni nzuri sana. Kabla hatujafunika kalamu, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, nani alimwambia aliyeipaka rangi kwamba nguo zao zilikuwa nyekundu?" Mwalimu alijibu kwamba kompyuta inajua. Binti akaketi, lakini uso wake haukuonyesha kuridhika. Sisi tulikata yale maneno "nzuri sana", kisha tukakaa na kalamu mkononi bila kujua la kuandika badala yake. Makala haya yametokana na nafasi ile iliyobaki tupu katika fomu.

Swali lenyewe ni hili: picha ya kale iliyofufuliwa kwa kompyuta, ubora wake hupimwaje? Wataalamu wa picha wamelishughulikia kwa miaka mingi, na mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuijua walau misingi ya kazi yao, kwani picha za namna hii zimekwisha kuingia madarasani bila kupiga hodi.

Mizani iliyo kongwe kuliko zote ni jicho la mtazamaji. Shirika la kimataifa linalosimamia mawasiliano lina utaratibu wake ulioanza miaka ya 1970 kwa ajili ya televisheni: watazamaji wasiopungua 15 huonyeshwa picha, kila mmoja hutoa alama kuanzia 1, yaani mbaya sana, hadi 5, yaani safi sana, kisha hutafutwa wastani. Njia hii ni ya haki, maana picha imetengenezwa ili itazamwe na watu. Lakini jicho lina udhaifu wake. Hupenda mistari iliyokoza, rangi kali na ngozi laini. Darasa lile la Tano lingeipa picha ya mwalimu wetu alama 5 bila kusita, nasi tungewafuata.

Mizani ya pili ni hesabu. Picha ndani ya kompyuta ni kama ukurasa wa daftari la hesabu: ni viraba vidogo vidogo, na kila kiraba, ambacho huitwa pikseli, kina namba yake. Katika picha isiyo na rangi, 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Hivyo picha mbili zaweza kulinganishwa kiraba kwa kiraba. Tuchukue kipande chenye pikseli nne tu ambazo katika picha ya asili ni 100, 120, 140 na 160. Fundi wa kwanza amerekebisha akapata 110, 130, 150 na 170. Fundi wa pili amepata 100, 120, 140 na 180. Tutafute tofauti, tuzidishe kila tofauti kwa yenyewe, tujumlishe, kisha tugawanye kwa nne. Fundi wa kwanza amekosea kwa 10 mara nne. Mraba wa 10 ni 100. Jumla ni 400. Wastani ni 100. Fundi wa pili amekosea mara moja tu, lakini kwa 20. Mraba wake ni 400. Wastani ni 100 vilevile.

Wataalamu huendelea mbele kidogo. Huchukua mraba wa 255, ambao ni 65,025, wakaugawanya kwa ule wastani, wakatafuta logi ya jibu na kuizidisha kwa 10, wakapata kipimo cha desibeli. Kadiri desibeli zinavyozidi ndivyo picha inavyokaribia asili yake. Mafundi wetu wote wawili watapata desibeli 28.1. Walakini kazi zao si sawa hata kidogo. Wa kwanza ameangaza picha nzima kidogo, jambo ambalo mtazamaji hatalitambua. Wa pili ameacha doa, na ikiwa pikseli ile ya nne iko katika mboni ya jicho la mtu, amemharibu mtu yule uso. Kwa sababu ya kasoro hii, mwaka 2004 Zhou Wang na wenzake walitoa kipimo kingine ambacho hakiangalii kiraba kimoja kimoja peke yake, bali hulinganisha mwangaza, tofauti ya giza na nuru, na muundo wa kila eneo dogo la picha. Picha zikiwa sawa kabisa jibu huwa 1. Kipimo hicho kimeenea mno, na ni kweli kwamba kinakubaliana na jicho la binadamu zaidi ya desibeli.

Hata hivyo vipimo hivi vyote viwili vinadai kitu ambacho sisi hatunacho. Vinadai picha ya asili iliyo safi. Mwenye picha ya wapagazi iliyopigwa karne ya 19 hana nakala nyingine ya siku ileile isiyo na mkwaruzo, na kama angekuwa nayo asingehangaika na programu. Kinachofanyika katika maabara ni kuchukua picha safi za leo, kuziharibu makusudi, kuzirekebisha, kisha kulinganisha. Huko ni kumpima fundi, wala si kuipima picha hii iliyoko mbele yetu. Ni kama fundi cherehani aliyefaulu mtihani wa kushona suruali, akapewa kanzu iliyoraruka ya marehemu babu yetu. Cheti chake ni cha kweli, lakini hakituambii kama kiraka alichotia kinafanana na kitambaa kilichopotea.

Vipo pia vipimo visivyohitaji picha ya asili, vilivyoanza kuvuma mwaka 2012 na 2013. Hivi huangalia kama picha ina tabia za kawaida za picha halisi zilizopigwa kwa kamera. Tungependa walimu-wanafunzi waelewe vizuri jambo hili: kipimo kama hicho hujibu swali "je, hii yaonekana kama picha ya kweli?", na swali hilo ni tofauti kabisa na "je, hii ni kweli?"

Turudi sasa kwenye nguo nyekundu. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshika njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Unyanyembe na Ujiji, walibeba mizigo ya kadiri ya frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Nguo zilizotawala njia ile, zikivaliwa na zikitumika kama fedha, zilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, ambacho ni cha buluu iliyokoza mno. Vilikuwako pia vitambaa vya rangi kutoka Maskati na Uhindi, wala hatudai kwamba hakuna mpagazi aliyepata kuvaa chekundu. Tunachosema ni kwamba programu haikuuliza. Ilifunzwa kwa mamilioni ya picha za leo, na katika picha hizo mwili mweusi wenye kitambaa begani huenda aghalabu na rangi kali; basi ikatia rangi kali.

Kuna la zaidi ambalo wengi hawalijui. Vioo vya kupigia picha vya karne ya 19 havikuiona nuru kama jicho linavyoiona. Dawa iliyopakwa juu yake ilipokea buluu kwa wepesi, na nyekundu karibu haikuipokea kabisa. Kwa hiyo katika picha za wakati ule mbingu hutoka nyeupe tupu, kitambaa cha buluu huweza kutoka chepesi kuliko kilivyokuwa, nacho chekundu hutoka cheusi. Misafara mingi ya pwani ilitanguliwa na kirangozi, na bendera iliyopeperushwa ilikuwa ile nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Katika picha ya zamani bendera ile itakuwa kama kipande cha kaniki. Kompyuta isiyojua habari ya vioo vile itaiacha nyeusi au itaipa rangi ya kahawia, kisha itampaka mwekundu mtu asiyehusika. Hapo hatuna desibeli ya kutuokoa. Tunahitaji mtu aliyesoma historia.

Kuhusu nyuso, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iliyopokea uso wenye ukungu wa pikseli 16 kwa 16 na kuutoa ukiwa na pikseli 1,024 kwa 1,024, wazi kabisa. Watu wakaipa uso wa Barack Obama, mtu ambaye baba yake alizaliwa Kenya na ambaye hata mtoto mdogo angemtambua katika ukungu ule. Programu ikatoa uso wa Mzungu. Dunia ilicheka, wengine wakakasirika, na walikuwa na haki. Lakini sisi walimu tuangalie jambo lililojificha ndani ya tukio lile. Kwa kipimo chake yenyewe, programu haikukosea. Ilitakiwa itafute uso ulio wazi ambao ukifinywa tena hadi pikseli 16 utafanana na ule wa ukungu, na uso wa yule Mzungu ulifanana. Nyuso zinazoweza kutoka katika ukungu mmoja ni nyingi mno. Mashine huchagua ule uliozoeleka zaidi katika picha ilizofunzwa nazo, na katika picha hizo babu zetu wa Unyamwezi hawakuwa wengi.

Wapo watakaosema kwamba mashine zinaboreshwa kila mwaka na kasoro hii itakwisha. Nyingine zitakwisha. Lakini Yochai Blau na Tomer Michaeli walithibitisha kwa hesabu mwaka 2018 kwamba baina ya kuonekana halisi na kukaribia asili pana mvutano usioondoka: fundi akisha kufikia ukomo wa ustadi, kila anachoongeza katika mwonekano hulazimika kukilipia kwa usahihi. Kwa hiyo picha iliyofufuliwa ikizidi kuvutia, huo si ushahidi kwamba imezidi kuwa kweli, na pengine ni sababu ya kuichunguza upya.

Je, basi tuziache kompyuta? La hasha. Katika njia hiihii ya misafara upo mfano wa kazi iliyofanywa kwa uadilifu mkubwa, nao tungependa ufundishwe vyuoni. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Karatasi zilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la Kiingereza, mwandiko wake ukikata juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa huko. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliyaona mauaji ya watu wengi, wanawake wakiwa wengi wao, katika soko la Nyangwe. Alirejea Ujiji, akakutwa na Stanley, na mapema mwaka 1872 wakafika pamoja Kwihara, hapa kwetu Unyanyembe, alikokaa hadi Agosti. Daftari lake kubwa la safari, ambalo alilinakilia habari za shajara hizo, watafiti huliita kwa jina la Unyanyembe hadi leo, na ndilo lililokuwa msingi wa kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Kurasa za gazeti zenyewe zilififia hata zisisomeke.

Kikundi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha kurasa hizo kwa nuru za namna mbalimbali, moja baada ya nyingine, kuanzia ile iliyo ng'ambo ya zambarau hadi ile iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambazo jicho haliwezi kuziona. Wino wa gazeti na wino wa mmea haviimezi nuru kwa kiasi kimoja. Kompyuta ikazichanganya picha zile hata maandishi ya gazeti yakarudi nyuma na mwandiko ukajitokeza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Mtu akiziangalia picha hizo kwa mara ya kwanza huenda akazicheka. Rangi zake ni za ajabu, karatasi haifanani na karatasi. Watazamaji 15 wangezipa alama 2. Lakini zinasomeka, na kilichosomwa kilionyesha kwamba habari iliyochapishwa mwaka 1874 haikuwa sawasawa na ile iliyoandikwa palepale Nyangwe. Kilizusha hata swali kuhusu mwenendo wa baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe. Hakuna aliyeibuni herufi hata moja. Kila mstari unaoonekana unatokana na nuru iliyogusa karatasi ile, na rangi za uongo zimetajwa wazi kwamba ni za uongo. Kwetu sisi picha hiyo mbaya ni bora mara nyingi kuliko ile nzuri tuliyoikuta ubaoni.

(Walimu-wanafunzi waliopata kutembelea nyumba ya Livingstone pale Kwihara wanajua kwamba tembe inayoonekana leo ni iliyojengwa upya. Hakuna ubaya. Ubaya ungekuwa kumwambia mgeni kwamba udongo ule wa ukutani ndio uleule alioegemea Livingstone.)

Tuje kwenye mbinu, kwani jarida hili ni la mbinu. Zoezi tulilolifanya chuoni halihitaji umeme wala kompyuta. Kila mwanafunzi achore katika daftari la hesabu mraba wa viraba 10 kwa 10, akoleze viraba kwa penseli apate picha sahili ya jembe, mtumbwi au mtungi. Anakili picha hiyo katika karatasi nyingine, lakini viraba 20 avizibe, na hasa vile vya mahali penye umbo. Karatasi iliyozibwa ampe jirani airekebishe bila kuiona ya asili. Kabla ya kufunua, darasa litoe alama 1 hadi 5 kwa uzuri wa kila kazi iliyorekebishwa. Ndipo wafunue na kuhesabu.

Hapo mwalimu awe macho. Baadhi ya walimu-wanafunzi wetu walihesabu viraba vyote 100 wakajitapa kwamba wamepata 90. Tuliwataka wahesabu tena viraba 20 vilivyozibwa peke yake, wakakuta wamepatia 10 tu. Vile 80 vingine hakuna aliyevigusa. Kosa hili si la watoto peke yao. Ukiambiwa kwamba picha iliyofufuliwa inafanana na asili kwa kiwango cha juu, uliza ni sehemu gani iliyopimwa. Mkwaruzo uliopita juu ya uso wa mtu mmoja ni sehemu ndogo sana ya picha, na ndiyo sehemu ambayo mtoto ataikumbuka.

Jambo lililotufurahisha zaidi ni kwamba kazi zilizopewa alama za juu kwa uzuri mara nyingine ndizo zilizokosea zaidi. Mmoja alitengeneza mpini wa jembe ulionyooka vizuri. Jembe la asili lilikuwa na mpini uliopinda. Tulibishana kwa nusu saa nzima, kipindi cha pili kikatupita.

Mwenzetu mmoja mkufunzi ametupinga. Anasema kwamba mtoto akipewa picha ya ukungu atachoka, na somo litakufa. Hoja yake ina uzito, nasi hatumtaki mwalimu abandike ubaoni karatasi ya kijivu isiyoonyesha kitu. Kuondoa vumbi, kuongeza mwangaza, kukoleza tofauti ya giza na nuru, kuziba mkwaruzo uliopita mbinguni, hayo ni halali, kwa maana hayamzui mtu. Kuumba jicho, meno, kovu au rangi ya nguo ni kazi ya mchoraji. Mchoro una nafasi yake katika ufundishaji, na vitabu vyetu vya historia vimejaa michoro, kuanzia ile iliyotiwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Ila mchoro uitwe mchoro.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu anayeleta darasani picha iliyofufuliwa aibandike pamoja na ile aliyoipata mwanzo, ubavu kwa ubavu, na chini yake aandike ni nani aliyeirekebisha, kwa programu gani, na nini kimeongezwa. Nasi wakaguzi tusitoe alama ya zana bila kuiomba ile ya kwanza. Tunakiri kwamba tulikuwa hatuiombi.

Mwalimu mwanafunzi yule alifundisha mada ileile tena wiki iliyofuata, safari hii akiwa na picha mbili. Aligawa ubao safu tatu: Tunaona, Kimeongezwa, Hatujui. Katika safu ya kwanza wanafunzi walitaja mizigo, fimbo, miguu pekupeku, na kitambaa cheusi juu ya mti mrefu, ambacho walikigombania hadi alipowaeleza habari ya vioo vya zamani na bendera ya Sultani. Meno na kope zilihamia safu ya pili. Rangi ya nguo ikawekwa katika ya tatu, na binti wa dawati la nyuma akaomba chaki, akaongeza mbele yake kwa mwandiko wake: "Bibi anayo kaniki. Nitaileta."